Misalaba Minne kwa Siku

Katika chumba cha watoto wenye vidonda kulikuwa na vitanda kumi na vinne, mama kumi na watatu, na Tharcisse. Kufikia juma la pili wanawake walikuwa wamemzoea, ila kumzoea hakukuwazuia kumtania. Akikoroga uji kwenye mbabula, jiko la makaa, walimwambia anauunguza. Akifua nguo za binti yake bombani, walimpisha kwa adabu ya kejeli, na mmoja akamuuliza kama kwake kuna mke au mke ni yeye mwenyewe. Tharcisse alicheka pamoja nao. Mwanamume aliyelima maharage Djugu miaka kumi na tano, na sasa analala sakafuni kati ya miguu ya mama za watu, afanye nini tena kama si kucheka?

Mke alikuwepo, lakini Véronique alikuwa amejifungua siku ya tatu baada ya kufika Bunia, jikoni kwa Adèle, dada yake Tharcisse, mtaani Ngezi. Mwenye kitoto kichanga haingii chumba kinachonuka usaha. Kwa hiyo Tharcisse ndiye aliyebaki hospitalini kumtunza Jemima, mtoto wa miaka minane, aliyepigwa risasi ya paja siku walipokimbia vita Djugu. Risasi ilikuwa imekwisha kutolewa. Kilichobaki ni kidonda, na Dokta Gaspard alikuwa amesema wazi: usaha ukifika kwenye mfupa, mguu utakatwa.

Wauguzi walikuwa wawili kwa chumba kizima, kwa hiyo kazi ya dawa waliigawana na wale waliotunza wagonjwa. Kila asubuhi Brigitte, muuguzi mkuu, alipita na kigari chake. Alimpa Tharcisse kapsuli nne ndani ya kipande cha karatasi pamoja na fishi, kadi ngumu yenye vyumba vidogo vilivyochorwa kwa rula. Kila Jemima alipomeza kapsuli moja, Tharcisse alipaswa kuchora msalaba kwenye chumba chake. Misalaba minne kwa siku, kwa siku ishirini na moja. Jioni Brigitte alipita kukagua, na fishi ya Tharcisse ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote, misalaba imesimama kwenye mistari kama maharage ya mkulima anayejua kazi.

"Muone fishi ya papa Jemima," Brigitte alisema siku moja, akiiinua juu wanawake waione. "Mwanaume, na iko anatushinda."

Baada ya siku zote za kuchekwa kwa sababu ya sufuria, Tharcisse aliifurahia sifa hiyo kuliko alivyotaka kukubali.

Lakini misalaba mingi kati ya ile ilikuwa ya uongo. Siku ya nne homa ya Jemima ilishuka, akaomba ndizi, akacheka. Tangu siku hiyo baba yake alimpa kapsuli mbili tu, ya asubuhi na ya jioni. Ile ya saa sita na ile ya saa kumi alizisokomeza kwenye upindo wa suruali. Alasiri alipokwenda Ngezi kuchukua chakula alimpa Véronique, naye Véronique alizitia kwenye kifundo.

Kifundo hicho kila mwanamke aliyekimbia Djugu alikuwa nacho. Ni kitambaa kilichofungwa kiunoni, chini ya kitenge, na hakivuliwi hata wakati wa kulala. Ndani yake mna chumvi, kiberiti, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na dawa yoyote iliyopatikana popote. Milio ya bunduki ikianza hakuna muda wa kutafuta kitu, unakimbia na kilicho mwilini. Wagonjwa walioruhusiwa kurudi kwao waliwaachia wenzao vidonge vilivyobaki, kama vile mtu anavyomwachia jirani makaa, na hakuna aliyeona kosa. Tharcisse na Véronique walikuwa wamekimbia mara tatu. Mara ya pili kifundo hakikuwa na dawa, na mtoto wao wa kwanza, Étienne, alikufa porini kwa homa. Hilo hawakulizungumza. Walijaza kifundo tu.

*

Siku ya kumi na moja Jemima aliukataa uji. Paja lilikuwa la moto, bandeji ilitoa harufu, na kipimajoto kilisema thelathini na tisa na nusu. Dokta Gaspard alikuja na Brigitte. Alikuwa mtu mwembamba, anayezungumza polepole kama mtu anayehesabu nguvu zilizobaki. Aliinusa bandeji, kisha akaichukua fishi iliyoning'inia kitandani, akaisoma mstari kwa mstari.

"Siku kumi na moja, misalaba yote iko," alisema. "Hakuna hata tundu moja. Basi ile dawa imeshindwa. Mikrobe yake imeizoea. Tutatoa ile ya kabati."

Kila mtu chumbani alijua kabati ile. Ilikuwa ya chuma, kwenye ofisi ya Brigitte, na ndani yake mlikuwa na chupa chache za dawa ya sindano ambayo Dokta hakuitoa ila pale dawa nyingine zote zimeshindwa. Kuitoa kulitaka saini tatu: yake, ya Brigitte na ya daktari mkuu. Chupa zilizokuwamo zilitosha mtoto mmoja.

"Na Lionel?" Brigitte aliuliza kwa sauti ya chini. "Miye nilifikiri ni yeye njo tutamupatia."

Lionel alilala kitanda cha jirani, kifudifudi. Alikuwa na miaka minne. Hema lao liliungua kambini, na mgongo wake ulikuwa umegeuka rangi ambayo mama yake, Hélène, hakuthubutu kuitaja. Dokta aliichukua fishi yake pia.

"Ya huyu iko na matundu. Moja, mbili, tatu. Siwezi kusema dawa imeshindwa wakati hakuimeza yote. Aendelee nayo, muangalie vizuri sana. Chupa ni ya Jemima."

Hélène alisimama. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, ambaye katika siku zile kumi na moja alikuwa amemsuka Jemima nywele mara mbili bila kuombwa.

"Dokta, zile mara tatu alitapika," alisema. "Nikaacha wazi juu hakumeza. Mulituambiaka tuandike ya kweli."

"Ndiyo, mama. Ulifanya vizuri." Dokta alijipangusa uso. "Lakini barabara ya Mahagi yenye kuleta dawa imefungwa, na avioni haijulikani itashuka siku gani. Kama ningekuwa na ya batoto mbili, ningetoa ya batoto mbili. Daktari mkuu iko mu mukutano mpaka magaribi. Kesho asubuhi tutaanza."

Walipoondoka, Hélène aliketi. Tharcisse alingoja matusi, maana matusi yangemsaidia. Hélène alimtazama Jemima, kisha akamtazama yeye, wala hapakuwa na hasira machoni mwake.

"Ni vizuri, papa," alisema. "Weye unajua kuchunga mutoto. Miye nilikuwa nasinzia."

Tharcisse alichukua sufuria akatoka nje. Sufuria haikuwa na kitu cha kuoshwa.

*

Getini mlinzi alimsimamisha kama alivyomsimamisha kila siku, akamtaka aonyeshe kibali cha mtunza mgonjwa, akakigeuza huku na huku kama hajawahi kukiona. "Garde-malade mwanaume," alisema, akakirudisha. Siku nyingine Tharcisse angejibu kwa mzaha. Alipita kimya hadi Ngezi, na njia nzima alikuwa akijiambia kwamba hakuna aliyemuuliza kitu, na mtu asiyeulizwa hajadanganya. Hakuyaamini maneno yake mwenyewe.

Véronique alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko, kitoto cha siku nane kinanyonya.

"Wamesema nini?"

"Homa imerudi. Wamesema dawa imeshindwa. Kesho watamupatia ile ya kabati."

"Aksanti Mungu."

"Véro, dawa haikushindwa. Ni siye njo tulimunyima."

Véronique alikihamisha kitoto titi jingine, akalifunika lile la kwanza taratibu, kama vile hapakuwa na haraka ya kitu chochote duniani.

"Usiseme," alisema mwishowe.

"Iko mutoto mwingine. Lionel. Mugongo yake inaoza. Walimunyima juu ya fishi yangu."

"Na mutoto wangu, mguu yake inaoza. Ukisema, ile ya nguvu watapatia Lionel, na Jemima watamurudishia ile ya zamani. Na weye watakufukuza. Nani atabaki naye? Miye na huyu wa siku munane?" Hakupaza sauti. "Étienne alikufa na nini, Tharcisse? Si nilikosa kapsuli mbili? Weye njo ulichimba shimo. Mimi sikuomba dawa ya kuuzisha. Niliomba ya kukimbia nayo."

Kila alichosema Véronique kilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomchosha Tharcisse. Alibaki amesimama uani, mwanamume mzima, mikono haina pa kukaa. Akawaza kwamba kesho wangemtia binti yake dawa ambayo huenda hakuihitaji, na yule mama mwenye fishi ya kweli angekaa kitanda cha pili akitazama. Aliona haya.

"Nipatie kifundo," alisema.

Véronique alimgeuzia mgongo. Tharcisse alidhani amekataa. Kisha akaona kiwiko chake kikisogea: anafungua. Fundo lilikuwa limekaza, ikambidi alivute kwa meno. Tangu siku ya kwanza hakuwa amekifungua, alikuwa akizichomeka kapsuli kwa kidole tu, na sasa wote wawili waliona kilichokuwa ndani. Chumvi ilikuwa imevuta maji. Ilikuwa imeloa jasho la mtu aliyejifungua juzi, na zile kapsuli kumi na nne zilikuwa zimeyeyuka zikashikana na kuwa bonge moja la rangi ya tope. Hata kiberiti kilikuwa kimeharibika.

Véronique alitoa vyeti, akakunja kitambaa juu ya bonge lile, akamkabidhi.

"Peleka," Véronique alisema. "Lakini wakikata mguu ya mutoto wangu, usirudi hapa kunielezea."

*

Asubuhi Brigitte aliingia na sinia. Juu yake kulikuwa na chupa moja, bomba la sindano na daftari lenye saini tatu. Dokta Gaspard alikuwa nyuma yake. Mama wote waligeuka, maana chupa ya kabati ni jambo la kutazamwa.

"Dokta, ngoja," Tharcisse alisema.

Alikuwa amepanga kumwita pembeni, barazani, waseme wawili. Lakini sindano ilikuwa tayari imeinuliwa, na neno likamtoka hapo hapo, mbele ya wanawake kumi na watatu. Akakiweka kile kitambaa juu ya shuka akakifunua.

"Ile misalaba haiko ya kweli."

Dokta hakupiga kelele. Aliketi ukingoni mwa kitanda cha Jemima, na hakuna mtu chumbani aliyewahi kumwona ameketi.

"Ngapi?"

"Kumi na ine."

"Tangu siku gani?"

"Siku ya ine. Homa ilishuka, nikaona amepona. Tukaweka ingine kwa kifundo. Ya kukimbia."

Dokta alimpa fishi na kalamu, akamwambia azungushie duara kila msalaba wa uongo. Tharcisse aliinama akaanza. Ya saa sita, ya saa kumi. Ya saa sita, ya saa kumi. Alipofika siku ya saba, Jemima, aliyekuwa akifuata kalamu kwa macho ya homa, alisema, "Papa, ya saa sita uliniambiaka Dokta njo ameikata." Hakulaumu. Alikuwa anakumbusha tu, kama mtoto anayedhani mkubwa amesahau. Tharcisse aliendelea kuzungusha, na duara za mwisho zilikuwa zimepinda.

Brigitte aliliinua lile bonge kwa ncha za vidole. "Mu formation walitufunzaka mufano ya kuelezea bantu," alisema. "Ya shamba, ya majani mubaya, unang'oa nusu na nusu inarudi na nguvu. Leo sina nguvu ya mufano, papa Jemima. Nilikuwa naonyesha fishi yako kwa bamama. Nilikuwa nayo na kiburi." Akalitupa bonge kwenye ndoo ya taka za kuchomwa.

Dokta alikuwa bado anatazama zile duara. "Lionel alikosa tatu tu, na mugongo ingali inaoza," alisema, kama anayejisemea. "Huyu amekosa kumi na ine. Basi dawa ya Lionel njo imeshindwa." Akainua kichwa. "Chupa iende kule."

Hélène hakusogea mpaka Brigitte alipomgusa bega.

"Na ya kwangu?" Tharcisse aliuliza.

"Tutafungua kidonda, tutasafisha, tutaanza upya: dawa ile ile, sindano kwanza, kisha kapsuli, siku ishirini na moja. Kama umefundisha mikrobe yake kuizoea, tutaona siku ya tatu. Na siku ya tatu, kama homa haishuki, sitakuwa na kingine mu kabati. Umesikia vizuri? Sitakuwa nacho."

"Mutanifukuza?"

"Nani atamufulia?" Brigitte alisema. "Utabaki. Lakini fishi hautaishika tena." Alitazama huku na huku chumbani, kisha akamkabidhi Hélène fishi mpya.

*

Siku tatu zile hakuna aliyemtania. Alikoroga uji, hakuna aliyesema unaungua. Bombani walimpisha bila neno. Tharcisse alitamani hata lile swali la mke lirudi.

Siku ya kwanza Jemima alilia walipofungua kidonda, kisha akalala kama gogo. Siku ya pili homa ilikuwa pale pale, na alasiri ikapanda kidogo. Tharcisse hakwenda Ngezi, kwa sababu hakuwa na cha kumwambia Véronique. Chakula alileta Adèle, akakiweka chini, akaondoka. Tharcisse hakukigusa. Alishika kidole gumba cha mguu ule mbovu wa binti yake, akakaa nacho mkononi saa nzima, akisikia joto lake.

Siku ya tatu asubuhi Brigitte alikisoma kipimajoto, akakikung'uta, akakirudisha kwapani, akasoma tena. "Thelathini na saba na kidogo," alisema, akaenda kitanda cha pili. Tharcisse alitoka nyuma ya jengo, kwenye kamba za nguo, akalia kati ya mashuka ya watu.

Kapsuli zilipoanza, Hélène ndiye aliyezileta, mara nne kila siku. Alimpa Jemima mkononi, akangoja ameze, akamwambia afungue kinywa aoneshe ulimi, ndipo akachora msalaba. Baba mtu alisimama kando ameshika kikombe cha maji. Ndiyo kazi aliyobakishiwa, naye aliifanya bila kukosa. Lionel aliendelea na chupa zake. Siku ya sita aliomba sukari kwenye chai, na kwa vile haikuwepo alinuna, na Hélène akamwambia kila mtu kwamba mtoto wake amenuna.

Na Hélène alizungumza na Tharcisse mara moja tu, siku ya kumi na tano, akiwa ameshika kalamu.

"Papa Jemima, ile siku," alisema, macho yakiwa kwenye fishi. "Ningejua, ningetia misalaba mu zile nafasi tatu. Nimewaza ile sana. Ningetia, na Dokta angenipatia chupa ile ile siku. Basi mutu afanye ginsi gani?"

Tharcisse alimpokea Jemima kikombe kitupu.

*

Siku ya ishirini na mbili ya tiba mpya waliruhusiwa. Brigitte aliibakiza fishi, imejaa misalaba ya mkono wa Hélène, wala hakuwapa dawa ya kubeba, kwa sababu hakuna iliyobaki. Mlinzi wa geti alimwona Jemima anatembea kwa fimbo, akafungua geti lote badala ya nusu. Kutoka pale hadi Ngezi ni mwendo mfupi, nao waliutumia asubuhi nzima, wakipumzika kila mahali palipo na kivuli.

Véronique aliwaona tangu barabarani. Alimkagua binti yake kuanzia nywele hadi nyayo, akainua sketi kidogo akatazama kovu, akaishusha. Kisha akaketi kwenye kizingiti kile kile. Kando yake alikuwa ametandaza kitambaa kipya, na juu yake chumvi ndani ya nailoni iliyofungwa vizuri, kiberiti, na vyeti. Juma lile watu wengine walikuwa wamefika kutoka njia ya Djugu na magodoro kichwani.

"Umeleta ngapi?" aliuliza.

"Hakuna. Amemeza zote."

Véronique aligusa pale kwenye kitambaa palipoachwa wazi kwa ajili ya dawa. "Na tukikimbia tena," alisema, "tutakimbia na nini?"

Jemima alikuwa ameegemeza fimbo ukutani. Alikuwa ameona bidoni ndogo ya maji karibu na bomba la Adèle, akaishika kwa mikono miwili, akaenda nayo hatua mbili, akaiweka chini, akaishika tena.

"Tutakimbia na ule mguu," Tharcisse alisema.

Véronique alitazama hadi mtoto alipofika jikoni. Kisha akakunja kitambaa, nafasi ile ikiwa wazi, akafunga fundo kiunoni, akamwita Jemima aje ale.